Maswali ya wasomaji: nahodha anayekuahidi nyangumi

Kuanzia Julai hadi Novemba nyangumi wa nundu hupita mbele ya pwani ya Mtwara na Lindi, na maswali ya safari za baharini huongezeka. Haya ndiyo niliyoyachagua safari hii.

Msomaji wa Masasi: Shikamoo. Familia yetu ya watu watano inataka kuja Mtwara mwezi Septemba kuona nyangumi. Ni nahodha gani anayetoa uhakika wa kumwona, na tusipomwona tutarudishiwa fedha?

Marahaba. Swali la uhakika hunifikia kila msimu, na kila msimu nimelijibu, lakini nitalijibu tena kwa urefu kwa sababu madhara mengi yanayowapata wanyama hawa huanzia hapo. Nahodha ambaye malipo yake yanategemea nyangumi kuonekana hawezi kumwacha nyangumi aende zake. Petroli ameinunua kwa fedha yake, abiria wanamtazama, na mnyama akizama upande mmoja yeye atakata mbele yake ili amsubiri upande wa pili. Ahadi hiyo mliyoiomba ndiyo inayomgeuza kuwa mwindaji.

Mfikirieni anayewindwa. Nyangumi jike hutoka bahari za baridi za kusini, kuelekea Antaktika, akaja kwenye maji yetu ya joto kuzaa na kunyonyesha, na muda wote anapokuwa huku karibu hali kitu. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, na kwa mafuta hayohayo anamtengenezea mtoto maziwa na kujiwekea nguvu za kurudi maelfu ya kilomita. Kila mara anapolazimika kukimbia boti anachota kwenye akiba ambayo hataijaza hadi arudi kusini. Mtoto naye anahitaji kupanda juu kupumua mara nyingi kuliko mama yake, kwa hiyo mbio zikianza yeye ndiye anayechoka kwanza.

Kwa hiyo lipeni safari ya bahari, si mnyama. Kabla ya kulipa, mwulizeni nahodha ataizima au kuipunguza mashine akiwa umbali gani, atakaa muda gani, na atafanya nini akimkuta mama na mtoto. Katika nchi nyingi zenye utalii huu boti haisogei karibu ya mita 100, na palipo na mtoto umbali huongezwa. Asiyekuwa na jibu lolote, au anayejibu kwa kucheka, mwacheni. Septemba upepo wa kusi huenda bado una nguvu, hivyo ondokeni alfajiri, na nahodha akisema bahari ni mbaya msimbembeleze.

Msomaji wa Shangani, Mtwara: Boti moja ichukue watu wangapi ili tuseme ni safari ya kikundi kidogo?

Mimi hupendelea wasizidi wanane, nahodha na baharia wake mbali, kwa sababu idadi hiyo inaweza kusikiliza maelezo mara moja, na abiria wote wakihamia upande mmoja wa boti ya faiba haitalala. Hata hivyo ningependa swali hili liulizwe kwa namna nyingine. Watu huhesabu vichwa ndani ya boti yao na kuridhika, ilhali nyangumi hahesabu vichwa. Anachokisikia ni mashine. Boti tano zenye watu sita kila moja, zikimzunguka mnyama mmoja, ni mzigo mkubwa kuliko boti moja yenye watu thelathini iliyotulia mbali.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye boti yenye abiria sita, nikijisifu moyoni kwamba nimechagua safari ya kistaarabu. Tulimkuta mama na mtoto wake, na ndani ya muda mfupi boti nyingine mbili zilifika, kila moja na kikundi chake kidogo, kila moja ikitafuta upande ambao hauna mtu. Wale wanyama wakabaki na upande mmoja tu wa kupita, nao ulikuwa wa kwenye maji ya kina kifupi. Hatukuondoka. Nahodha wetu alitaka kuondoka, na sisi abiria ndio tuliomwomba abaki dakika kumi zaidi. Nalikumbuka jambo hilo kwa aibu, na ndiyo maana nasema kwamba ukubwa wa kikundi hauna maana kama kikundi hakiko tayari kugeuza boti. Mkikuta tayari kuna boti nyingine, subirini mbali hadi iondoke, au msiende kabisa.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza: boti ndogo isitumiwe kama kisingizio cha kukosa vifaa. Kila abiria awe na jaketi la kujiokolea linalomtosha, watoto wakiwemo, na chombo kiwe kimekaguliwa na kupewa cheti na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Ukiambiwa kwamba majaketi yapo chini ya sakafu na yatatolewa yakihitajika, shuka.

Msomaji wa Dar es Salaam: Ninaweza kurusha droni juu ya nyangumi?

Huwezi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hata ukiwa nacho, usimrushie mama mwenye mtoto.

Msomaji wa Lindi mjini: Nimeona picha za watu wakiogelea katikati ya pomboo. Kwa nini huku kwetu hatuandaliwi safari za namna hiyo?

Naomba tusiandaliwe. Safari za namna hiyo zilishamiri Kizimkazi, Unguja, na watafiti waliozifuatilia walionyesha kwamba pomboo waliozungukwa na boti na waogeleaji hupumzika na kula kwa muda mfupi zaidi. Wapo pomboo wanaowinda usiku kwenye maji marefu na kusogea pwani mchana kupumzika, kwa hiyo kundi unaloliona limetulia asubuhi huenda limelala. Ukijitosa katikati yake unaliamsha, na boti ya pili ikija saa moja baadaye inaliamsha tena. Pomboo wakiwa na hamu ya kucheza watakuja wenyewe mbele ya boti inayokwenda polepole kwa mstari ulionyooka. Hapo utawaona vizuri kuliko ukiwa majini na maji yamekuingia puani.

Msomaji wa Mikindani: Mama zetu wanatembea juu ya mwamba kila bamvua wakitafuta pweza. Mgeni akikanyaga mnapiga kelele. Huo ni usawa?

Swali hili ni la haki na ninalichukua kwa uzito. Bibi anayeshuka mwambani maji yakitoka anajua pa kuweka mguu. Anafuata mchanga na majani ya bahari, kwa kuwa akikanyaga pabaya atachomwa na miiba ya urumba au atateleza. Anatafuta kitoweo na ada ya shule. Mgeni hana njia wala hitaji, na macho yake yako kwenye simu. Tumbawe lenye matawi, ambalo hukua kwa sentimita chache tu kwa mwaka, huvunjika kwa hatua moja.

Lakini sitasema kwamba wenyeji hatuna kosa. Pwani hii imepigwa baruti kwa miaka mingi, na mikono iliyoirusha ilikuwa ya kwetu. Ukizamia mahali palipolipuliwa utakuta kokoto za matumbawe yaliyokufa. Ndiyo maana nafurahia vijiji vya pwani ya Kilwa vilivyokubaliana kufunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza, ambaye hukua haraka, apate uzito na kutaga. Mgeni akifika kijijini aulize kama kuna mwamba uliofungwa, amchukue mwenyeji amwongoze, na amlipe yeye mwenyewe mkononi. Akitembelea Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ambako ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, alipe kiingilio kwa namba ya malipo ya serikali na adai risiti.

Msomaji wa Newala: Tutalala Msimbati. Tuwapeleke watoto usiku kuona kasa akitaga?

Wapelekeni mkiwa na mtu wa hifadhi au mlinzi wa viota wa kijiji, na si vinginevyo. Zimeni tochi na simu, kaeni nyuma ya kasa, msisogee kabla hajaanza kutaga. Akiona mwanga akiwa bado anapanda ufukwe, anaweza kugeuka na kurudi majini bila kutaga. Vifaranga wakitoka, baada ya miezi miwili hivi, hufuata mng'ao wa bahari, na taa ya nyumba ya wageni huwapeleka nchi kavu wakafa. Mwombeni mwenye nyumba azime taa zinazotazama ufukwe.

Na kwa kuwa bado nasikia watu wakisifia nyama ya kasa: sheria ya uvuvi inakataza, na nyama hiyo inaweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9 walikufa baada ya kuila, wanane kati yao wakiwa watoto. Msiionje.

Msomaji wa Kilwa Masoko: Kuna kijana anasema atawapeleka wageni kumwona silikanti, yule samaki wa kale wa kilindini. Tumwamini?

Hapana. Ni kweli kwamba silikanti wa kwanza kujulikana Tanzania alivuliwa karibu na Songo Mnara mwaka 2003, lakini samaki huyo huishi kwenye kina kirefu mno kwa mpiga mbizi wa kawaida. Njia pekee ambayo kijana huyo anaweza kumleta juu ni jarife lililotegwa chini sana, na silikanti aliyenaswa humo hufika akiwa amekufa au anakufa. Mkifanya malipo ya kumwona mtakuwa mmelipia kifo chake. Mwambieni kijana kwamba Kilwa Kisiwani na mikoko yake vinatosha kumpa kazi halali.

Msomaji wa Nachingwea: Papa potwe tutampata wapi?

Kilindoni, Mafia, kati ya Oktoba na Februari. Usimguse, na usikae mbele yake.

Msomaji wa Mtama: Watoto wangu wakiokota makombe mawili matatu ufukweni kuna ubaya gani?

Wayatazame, kisha wayarudishe mchangani. Wapo kaa wasio na gamba lao wenyewe, ambao huhamia kwenye kombe tupu kubwa zaidi kila wanapokua, na ufukwe uliookotwa msimu mzima huwaacha wazi. Ninachokuomba zaidi ni kutonunua yale makombe makubwa ya baragumu yanayopangwa mezani yakiwa yamesuguliwa mpaka yanang'aa. Hayo hayakuokotwa yakiwa matupu. Konokono wake alitolewa akiwa hai, naye ni miongoni mwa wanyama wachache wanaomla kiti cha pweza mwenye miiba, yule mnyama wa umbo la nyota anayetafuna matumbawe.