Uliza Mpigapicha: Milioni moja, nichukue kamera gani?

*Shikamoo dada. Niko Tanga, nataka kuanza kupiga picha za kipaimara, sendofu na pasipoti. Nimedunduliza milioni moja. Muuzaji mmoja wa Dar ananishawishi nichukue Canon 4000D mpya ndani ya boksi, pamoja na lenzi mbili, begi na stendi. Rafiki yangu anasema nitafute 700D iliyotumika. Nimsikilize nani?*

Marahaba mdogo wangu. Msikilize rafiki yako. 700D ilitoka 2013 na 4000D ikatoka 2018, ndiyo maana wengi hudhani ile ya zamani ni duni. Zote zina megapikseli 18. Ila 700D ina skrini inayogeuka na kuguswa, ina tundu la kuchomeka maiki, na pale lenzi inapofungwa ni chuma. Kwa 4000D pale ni plastiki, na maiki huna pa kuchomeka. Bibi harusi akikuomba na video kidogo utaanza kutafuta visingizio.

Hizo lenzi mbili zisikubabaishe. Ile ndefu ambayo mara nyingi huwekwa kwenye vifurushi hivi, 75-300 (hizo ni milimita: namba ikiwa kubwa, lenzi inavuta mbali na kuona eneo dogo), ukiivuta mpaka mwisho inaishia f/5.6 (hiyo ni namba ya tundu la mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga mwingi unaingia), wala haina kitu cha kutuliza mtikisiko wa mkono. Kwa mechi ya mchana pale Mkwakwani, sawa. Lakini kwenye ukumbi wa sendofu, taa za zambarau na MC kazima nyingine zote ili keki iingie, utarudi na picha za mizimu. Chukua 700D na lenzi yake ya 18-55, kisha hela inayobaki iende kwenye 50mm f/1.8. Ni kilenzi chepesi cha plastiki, hakina sura ya kazi. Ukikifungua mpaka mwisho kinapitisha mwanga karibu mara kumi ya ule wa f/5.6. Ubaya wake ni kwamba kwenye kamera hii kinabana, kinaona kama 80mm. Ukoo mzima ukijipanga mbele ya kanisa, rudisha 18-55.

Usiende kununua jioni, wala usikubali kuharakishwa. Toa lenzi, washa tochi ya simu, mulika kwa nyuma huku unachungulia kwa mbele. Ukiona vinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na ukanda wetu huu wa pwani kuvu hailali. Iache, hata akikupunguzia. Kisha weka f/22, piga karatasi nyeupe, ikuze picha kwenye skrini: vidoa vyeusi ni vumbi kwenye sensa (kile kioo cha ndani kinachonasa picha), na hilo husafishika. Tazama pia reli ya juu inapokaa flashi. Rangi ikiwa imechubuka mpaka chuma kinang'aa, kamera hiyo imepiga harusi nyingi, haijalishi muuzaji anaapa ilikuwa ya mzungu mtalii. Shata (pazia la ndani linalofunguka na kufunga kila ukipiga picha) za kamera za daraja hili huhesabiwa kudumu kama picha 100,000.

Ukikutana na Nikon D3200 nzuri, nayo haina neno, bora lenzi iwe imeandikwa AF-S, yaani ina mota yake ya fokasi, maana kamera hiyo haina. Zile za AF tupu zinaingia, lakini fokasi utazungusha kwa mkono, na mtoto wa kipaimara hakusubiri.

Bakiza kidogo ya betri ya pili (700D inatumia LP-E8), memori kadi ya 32GB na kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Tupia ndani vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, kamera ilale humo, siyo kwenye begi. Stendi nunua baadaye.

*Dada, simu yangu ina megapikseli 108. Kamera ya nini tena? – Msomaji, Morogoro*

Simu nyingi za namna hiyo huunganisha pikseli tisa kuwa moja, unapata picha ya megapikseli 12. Si vibaya hata kidogo. Kwa bidhaa za dukani na picha za mchana endelea nayo. Ukianza kulipwa kwa kazi za ukumbini usiku, soma jibu la mwenzako wa Tanga.