Maswali na majibu: kozi ya kufunga, kutunza na kutengeneza kompyuta

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu kozi ya kufunga, kutunza na kutengeneza kompyuta inayotolewa na vyuo vya hapa Goma. Baadhi zimeandikwa na wanafunzi, nyingine na wazazi wanaolipa karo, na nyingine na watu ambao mashine zao zimelala mezani bila kuwaka. Maswali tumeyafupisha, lakini maana yake tumeihifadhi.

Nina Diploma ya Serikali ya ualimu, na hesabu zangu ni dhaifu. Je, nitaiweza kozi hii? (Kijana wa Ndosho)

Utaiweza. Hesabu inayotumika ni kuzidisha na kugawanya: kompyuta na skrini yake zikitumia wati 220 kwenye umeme wa volti 220, zinavuta takriban ampea 1, na kutokana na hapo utajua nyaya na ondulere (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) zinazofaa. Unachohitaji zaidi ni kusoma Kifaransa kwa utulivu, kwa kuwa vitabu vya mashine na maandishi ya kwenye skrini huja kwa lugha hiyo au kwa Kiingereza, na fundi anayekisia maana ya onyo lililo mbele yake siku moja atakuja kufuta yaliyomo kwenye diski ya mteja.

Mwanangu yuko chuoni mwezi wa pili sasa na hajafungua hata kompyuta moja. Wanafundishwa umeme na historia ya mashine. Je, pesa yetu inapotea? (Mama wa Himbi)

Mama, swali lako lina sehemu mbili, na jibu la kila sehemu ni tofauti.

Kuanza na umeme ni sahihi. Asiyejua tofauti ya volti na ampea atabadilisha vipande kwa kubahatisha, na kila anapobahatisha anayelipa ni mteja. Hata historia ina kazi yake, ikiwa mwalimu anaieleza vizuri. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi, namba 5150, mwezi wa Agosti 1981, ilitumia vipande vilivyonunuliwa kwa makampuni mengine na ikachapisha maelezo ya jinsi vinavyoungana, na kwa sababu hiyo wengine waliweza kutengeneza mashine zinazolingana nayo. Mwaka 1995 Intel ikaleta kipimo cha ATX, kinachopanga mahali pa skrubu, ukubwa wa ubao mama (ubao unaobeba na kuunganisha vipande vyote) na plagi za umeme. Ndiyo maana leo fundi anaweza kununua kisanduku cha umeme (kinacholisha umeme vipande vya kompyuta) kilichotumika huko Birere na kukifunga kwenye kasha lililotoka nchi nyingine kabisa, vikakubaliana. Mwanafunzi anayeelewa hilo huweza pia kutambua mashine ambazo hazifuati kipimo hicho, nazo ni nyingi sokoni.

Hata hivyo, miezi miwili bila kushika bisibisi ni mingi mno. Nenda chuoni, omba kwa heshima uonyeshwe karakana, na uulize wanafunzi wangapi wanatumia mashine moja, na kama chuo kina mashine mbovu. Mashine mbovu ni muhimu kuliko nzima. Katika karakana inayofanya kazi ipasavyo, mwanafunzi hufungua kasha, hupiga picha ya kila waya kabla ya kuuchomoa, huweka skrubu katika vifuniko vya chupa kufuatana na mahali zilipotoka, hutoa kila kitu hadi kasha linabaki tupu, kisha huunganisha upya mpaka mashine iwake. Baada ya hapo mwalimu humtoa nje, hulegeza kipande kimoja cha RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) au huchomoa waya wa diski, humrudisha, na kumwachia atafute kosa bila kumwambia neno. Zoezi hilo, likirudiwa na makosa tofauti, ndilo linalomfanya mtu kuwa fundi. Ikiwa chuo hakilifanyi, mna haki ya kulidai kabla ya kulipa sehemu inayofuata ya karo.

Umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa nguvu, na tangu hapo kompyuta yangu ya mezani haiwaki. Fundi ameitazama kwa dakika chache akasema ubao mama umeungua. Nimwamini? (Papa wa Katindo)

Papa, usilipe bado. Inawezekana amesema kweli, lakini kwa kutazama tu hawezi kujua, isipokuwa ameona mahali palipoungua waziwazi. Ubao mama ndio wa mwisho kushtakiwa, kwa sababu ndio wenye gharama kubwa na ndio mgumu kupimwa; kabla yake kuna mashahidi kadhaa wa kuhojiwa.

Wa kwanza ni soketi yenyewe: chomeka taa palepale uone kama inawaka. Wa pili ni nyuma ya kasha, karibu na mahali waya unapoingia, ambapo mashine za zamani zina kibonyezo chekundu chenye maandishi 115 na 230. Kompyuta zilizotumika Marekani mara nyingi hufika zikiwa zimewekwa 115, na ukizichomeka hivyo kwenye umeme wetu wa volti 220, kisanduku cha umeme hupasuka ndani papo hapo. Kisha chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa nusu dakika ili chaji iliyobaki iishe, chomeka tena na ujaribu. Mashine kadhaa huamka kwa hatua hii peke yake baada ya umeme kurukaruka.

Ikiwa bado imelala, kipimwe kisanduku cha umeme. Kwa kile kinachofuata kipimo cha ATX, fundi huchomoa plagi kubwa ya pini 24 kutoka kwenye ubao mama na kupima kwa multimeta (kifaa cha kupimia umeme) waya wa zambarau, ambao unapaswa kuwa na volti 5 hata kabla ya kuwasha, mradi waya wa ukutani umechomekwa. Akiukuta mtupu, amekaribia jibu, na ubao mama haujahusika. Akiukuta hai, huunganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande kifupi cha waya. Feni inapaswa kuzunguka, waya wa njano uonyeshe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, na wa rangi ya chungwa karibu na 3.3. Baadhi ya kompyuta za HP, Dell na Lenovo hutumia plagi na rangi zao wenyewe, kwa hiyo fundi asome kwanza kibandiko kilicho ubavuni mwa kisanduku. Jambo moja nalisisitiza kwa kila mwanafunzi: kisanduku chenyewe hakifunguliwi na anayejifunza. Kapasita kubwa zilizo ndani, yaani vipande vinavyohifadhi chaji, hubeba zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki na chaji baada ya waya kuchomolewa.

Kisanduku kikiwa kizima, ubao mama unajaribiwa ukiwa na prosesa (chipu inayoendesha kazi zote), feni yake na kipande kimoja tu cha RAM, bila diski wala kadi nyingine. Milio ya spika ndogo hueleza jambo, na kitabu cha ubao husika hutoa maana yake. Kapasita zilizozunguka prosesa hutazamwa kichwani kama zimevimba au zimetoa majimaji. Baada ya haya yote, akikwambia ubao umekufa, mwamini. Kazi hii yote haizidi saa moja kwa fundi aliyefundishwa vema. Na tangu sasa, umeme ukikatika chomoa plagi, usiirudishe mpaka umeme uwe umetulia kwa dakika chache.

Nikigusa kasha la kompyuta kwa mkono, hasa nikiwa pekupeku, nahisi kama vijisindano vya umeme. Wenzangu dukani wanasema ni kawaida. (Mwenye sekretaria, Majengo)

Ni kawaida katika mji huu, lakini si salama, na nasikitika kwamba tumeizoea. Ndani ya kisanduku cha umeme kuna kichujio chenye kapasita mbili ndogo zinazounganisha nyaya zote mbili za umeme na chuma cha kasha. Kazi yake ni kupeleka mivurugo ya umeme kwenye waya wa ardhini. Waya huo usipokuwepo, kasha linabaki katikati ya njia, na ukilipima unaweza kukuta karibu volti 110. Mkondo wake ni mdogo sana kwa mashine moja, ila mashine nyingi zikiwa kwenye kamba moja ya kuongeza soketi mikondo hiyo hujumlishana, na ndiyo inayoua milango ya USB na ya mtandao unapochomeka printa. Hatari kubwa iko siku waya wa moto utakapogusa kasha kwa bahati mbaya: bila njia ya kwenda ardhini, njia itakuwa mwili wa mtu.

Goma ina ugumu wake. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mawe ya volkano, ikiwemo mitaa ya katikati iliyofunikwa na lava ya Nyiragongo ya Januari 2002, na mawe hayo hupitisha umeme vibaya mno. Fimbo ya shaba iliyopigwa nusu mita ndani ya mawe makavu haisaidii kitu. Mwombe fundi wa umeme achimbe mtaro, alaze ndani yake waya mrefu wa shaba, aufunike kwa udongo ulioletwa na unaoshika maji, kisha apime matokeo kwa kifaa chake badala ya kuapa kwa maneno. Aongeze na swichi ya kinga ya miliampea 30, inayokata umeme mara tu mkondo unapovuja. Mtaala wowote wa kompyuta hapa kwetu usiokuwa na somo hili una pengo.

Kila nikiwasha kompyuta, tarehe inarudi miaka mingi nyuma, na kurasa za intaneti zinakataa kufunguka. Ni virusi? (Mwanafunzi, Keshero)

Hapana. Betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama, CR2032 ya volti 3, imekwisha. Tovuti hukataa kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe za kuanza na kuisha, na kompyuta yako inadhani bado haijafika siku ya kuanza. Nunua betri, ibadilishe waya wa umeme ukiwa umechomolewa, kisha rekebisha saa na mipangilio ya BIOS (programu ndogo inayoamsha mashine).

Ofisi yetu ina mashine za mwaka 2013 zenye Windows 10. Tumeambiwa tuzitupe zote. (Katibu wa shirika dogo, mjini)

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, ambazo mashine zenu hazina. Kuzitupa, hata hivyo, ni hasara. Hifadhini kwanza nakala za kazi zenu nje ya mashine, badilisheni diski ngumu kwa SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka), kwa kuwa hakuna badiliko jingine la bei hiyo linaloharakisha mashine kuukuu kiasi hicho, kisha wekeni Linux Mint au Debian (mifumo ya kuendesha kompyuta badala ya Windows) pamoja na LibreOffice (programu za kazi za ofisi), ambazo zipo kwa Kifaransa na hazilipiwi. Msikubali kuwekewa programu za wizi za kufungulia Windows. Nyingi hubeba virusi ndani yake. Kompyuta inayotumia programu ya uhasibu isiyokubali Linux ndiyo mtakayoinunua mpya.

Na zisafisheni. Vumbi la mawe ya lava ni kali kwenye feni, na hewa ya hapa, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo huondoa joto pungufu kwa mzunguko uleule wa feni.

Je, cheti cha CompTIA A+ ni lazima ili nipate kazi? (Mhitimu, Mabanga)

Cheti hicho cha mafundi wa kompyuta si lazima kwa karakana za mjini, ingawa mashirika ya kimataifa hukitambua. Kina mitihani miwili, hulipiwa kila mmoja, na hudumu miaka 3. Chukua kwanza mpangilio wake wa kutafuta kosa, usiohitaji malipo: tambua tatizo, dhania chanzo, jaribu dhana, panga na tekeleza suluhisho, hakikisha yote yanafanya kazi, andika ulichofanya. Hatua hiyo ya mwisho wengi wetu huiruka. Daftari la matengenezo lenye tarehe, dalili, vipimo na suluhisho litamshawishi mwajiri wa hapa.

Niko kwenye mafunzo ya kazi. Mteja ameleta diski inayogonga ndani, anataka picha za marehemu mama yake. Msimamizi ananiambia nifomati (niifute yote na kuipanga upya), nijaribu tena. Nifanyeje? (Mwanafunzi wa kike, Virunga)

Usifomati, binti yangu, na usiiwashe tena kwa kujaribu. Vichwa vya diski huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi, na kugonga huko mara nyingi ni dalili kwamba havipati tena mahali pake. Kila unapoiwasha vinaweza kukwangua kilichobaki. Usiifungue pia. Diski ikiwa bado inatambuliwa na kompyuta, nakili yote mara moja kwenda diski nyingine kwa programu ya ddrescue, inayochukua kwanza sehemu nzima na kuacha mbovu kwa baadaye, kisha fanyia kazi nakala. Isipotambuliwa, kazi imezidi vifaa vya karakana yenu na mteja aambiwe hivyo waziwazi, aamue kama ataituma kwa wenye maabara.

Mweleze msimamizi kwa upole, mbele ya mteja ikibidi. Kabla ya kugusa chochote, andikeni kwenye karatasi namba ya diski, hali iliyofika nayo na hatua mlizokubaliana, mteja atie sahihi. Picha zikipatikana, hakiki kwamba mafaili yanafunguka kwa kutazama machache tu, tena yeye akiwepo, na nakala iliyo kwenye diski ya karakana ifutwe akishathibitisha kwamba amezipokea.