Mnaoanza risechi ya figo na kisukari, adiponektini itawachanganya

Wadogo zangu, kuna homoni moja mtakutana nayo mapema sana, adiponektini, inatengenezwa na seli za mafuta lakini cha ajabu mtu akinenepa inashuka, na wenye kisukari aina ya 2 wengi wanayo kidogo. Sasa mtu akishasoma hapo, halafu akakutana na ile pepa ya 2008 ya panya wasio na hiyo homoni, walivyovujisha albumini, protini ya damu, kwenye mkojo, na walivyopewa homoni wakapata nafuu, basi siku hiyohiyo yuko mlangoni kwa supavaiza na andiko la utafiti, eti kapata mlinzi wa figo.

Tulia kwanza. Ukiwapima watu ambao figo zimeshachoka unaikuta iko juu, na kwa wenye kisukari aina ya 1 ambao tayari wanavujisha protini nyingi imeonekana walionayo juu ndio figo zao huwa zinakwisha zaidi. Kuna wanaosema figo mbovu inashindwa kuitoa mwilini, wengine wanasema mwili unajitetea, mimi naona yote mawili yapo ila kipimo cha siku moja hakiwezi kukutenganishia.

Na usifikiri ukimwongezea mgonjwa homoni aliyopungukiwa lazima apone. Someni TREAT ya 2009, jaribio la dawa lenye wagonjwa zaidi ya 4,000 wenye kisukari, figo mbovu na upungufu wa damu, wakapewa darbepoetini ambayo inafanya kazi ya homoni ya figo ya kutengeneza damu. Damu ilipanda kweli, figo hazikuokoka, na kiharusi kikakaribia mara mbili!

Kwenye data zenu sasa, kila sampuli ya adiponektini iende na kreatinini ya damu (inayoonyesha figo zinachuja vipi) pamoja na albumini ya mkojo, na mkojo urudiwe ndani ya miezi mitatu maana homa, mazoezi makali au UTI tu vinapandisha albumini. Wanawake na wanaume msiwachanganye kapu moja, wanawake wanayo nyingi kiasili. Andikeni uzito, na dawa, hapa ndo wengi wanapitiwa: pioglitazoni, dawa ya kisukari, inapandisha adiponektini yenyewe, kwa hiyo kama dodoso halina sehemu ya dawa, lirekebisheni kabla hamjatoa damu ya mtu hata mmoja.