Re: Vitabu vikihamia mtandaoni, wa kijijini tutasomaje?

Mkuu umeuliza sisi wa kijijini tutasomaje vitabu vya chuo vikihamia mtandaoni. Inawezekana kabisa ila ujipange. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipoanza kufundisha 1994 ilikuwa ni vitabu vya kuchapwa, sahivi masomo yako kwenye Moodle, yaani mfumo wa kusomea mtandaoni. Sasa kitu wengi hawakijui, ile app ya Moodle inakuruhusu kushusha notsi halafu unazisoma bila bando, kwa hiyo ukienda mjini ukapata waifai shusha mada zote za muhula kwa mpigo, ukirudi huna wasiwasi na mtandao, ni chaji tu. Ila PDF ndefu kwenye kioo kidogo inaumiza macho jamani, zile mada ngumu kaprinti steshenari.