Kila nikiumwa kichwa wananiambia ni mawazo

SWALI: Shikamoo mama. Mie nipo huku Isyonje, Rungwe, nina mimba ya miezi 7 na presha imepanda tena kama ile mimba ya kwanza, ambayo mtoto alifia tumboni mwezi wa nane. Sa hivi usiku silali, nashika tumbo nisikie kama anacheza, akitulia kidogo nalia. Nguo za mtoto sijanunua hata moja, mama mkwe kaleta kitenge cha kumbebea nikakifungia chini kabisa ya begi. Kila mtu ananiambia acha mawazo presha itashuka, hata nesi mmoja kasema hivohivo, basi sa hivi nikiumwa kichwa nanyamaza tu. Najiona kama namuua mtoto mwenyewe. Mume wangu hana shida ila toka alfajiri yuko kwenye viazi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, na pole ya mtoto wako wa kwanza pia, maana naona watu waliruka hapo.

Tuanze na hicho kichwa, mengine yatasubiri. Mjamzito mwenye presha akiumwa kichwa kisichotulia hayo sio mawazo mpaka apimwe, inaweza kuwa ndo dalili ya kifafa cha mimba. Ukisoma hapa chukua bodaboda uende kituo leo hii, wakupime presha na mkojo, na ukifika sema "nina presha, kichwa kinauma, mtoto wa kwanza alifia tumboni", yote matatu kwa pamoja. Macho yakiona ukungu au vinyota, maumivu chini ya mbavu kulia, uso kuvimba ghafla, mtoto kupunguza kucheza, usingoje kuche. Na dawa walizokupa usiziache hata ukijisikia vizuri.

Sasa hilo la acha mawazo, mimi linaniuma kweli. Presha ya mimba chanzo chake kikubwa kipo kwenye kondo la nyuma, namna lilivyojishikiza na mishipa yake, hukuileta wewe kwa kulia usiku. Wanaosema hivo wanakupenda lakini wanakubebesha kosa lisilo lako, halafu unaanza kuficha dalili, na hapo ndo hatari ilipo.

Hofu yako nayo isemwe klinik kama unavyosema mguu umevimba. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi zinazoendelea karibu wajawazito 16 kati ya 100 wanapata shida ya afya ya akili, zaidi sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, kwa hiyo sio wewe peke yako na sio kukosa imani. Kama wiki mbili zimepita huna raha na kitu chochote, chakula hakipandi, au umewaza bora ufe, mwambie nesi au daktari kwa maneno hayohayo. Huyo akikujibu vibaya tafuta mwingine, na ukipewa rufaa ya kwenda mjini Mbeya, hospitali ya wazazi ya Meta au kwingine, nenda, usiseme viazi vivunwe kwanza.

Mumeo mwombe siku moja tu ya klinik, akae ndani asikie mwenyewe daktari anavyoeleza, manake wanaume wengi wakisikia kwa daktari ndo wanashtuka. Usiku ukiamka mwamshe, msikilize tumbo wote wawili.

Kitenge kiache kwenye begi kwanza. Mama mkwe mwambie tu hujakikataa, unaogopa, labda naye ana la kukusimulia.