Kiini Kinachong'aa na RNA Isiyoonekana

SWALI: Mhadhiri wetu wa biolojia alituonyesha picha ya seli hai za jani la tumbaku, akasema inaonyesha RNA iliyowekewa alama ya kijani. Viini vya seli ndivyo vilivyong'aa kuliko sehemu nyingine. Je, RNA hung'aa yenyewe, na je, ilikuwa imejaa ndani ya viini?

JIBU: RNA, yaani molekuli inayobeba nakala ya maagizo ya jeni, haing'ai yenyewe, na yamkini mwanga mwingi ulioonekana kiinini haukutoka kwenye RNA iliyokuwa ikitafutwa. Katika njia inayotumiwa sana, watafiti huazima protini ya ganda la MS2, kirusi kinachoshambulia bakteria, kwa kuwa protini hiyo hushika kwa nguvu kipande kifupi cha RNA kilichojikunja kuwa kitanzi. Huiunganisha na protini ya kijani ing'aayo ya konyeza, mnyama laini wa baharini, ile iliyowapatia wanasayansi Shimomura, Chalfie na Tsien Tuzo ya Nobel mwaka 2008, kisha huiongezea RNA wanayoifuatilia vitanzi kadhaa, mara nyingi 24. Kwa kuwa kila kitanzi hushikwa na protini mbili, molekuli moja yaweza kubeba alama 48, nayo huonekana kama nukta.

Ugumu ni kwamba protini ambazo hazijashika RNA nazo hung'aa vilevile. Ndiyo maana nyingi huundwa zikiwa na kipande kinachozielekeza kiinini: zisizo na RNA hubaki humo, na zilizoshika RNA hutoka nayo hadi kwenye saitoplazimu, yaani sehemu ya seli iliyo nje ya kiini. Katika mfumo wa namna hiyo kiini ni kama ghala, na habari yenyewe imo katika nukta hafifu zinazosogea nje yake.

Mimea ina usumbufu wake. Klorofili, rangi ya kijani ya majani, hutoa mwanga mwekundu inapomulikwa, na kuta za seli nazo zaweza kung'aa. Kwa sababu hiyo wengi huchagua seli za ngozi ya jani, ambazo zina kloroplasti (vifuko vyenye klorofili) chache. Hata hivyo, nukta pekee hazitoshi, maana protini zenyewe huweza kugandamana. Jaribio la lazima, kwa maoni yetu, ni kurudia kazi ileile kwa RNA isiyo na vitanzi: nukta zikibaki, si za RNA. Mwombe mhadhiri wako awaonyeshe picha ya jaribio hilo.