Kiti cha bibi kilichobonyea

Dada wa Kibokoni, umeuliza kama kiti cha mwanzi cha marehemu bibi, kilichobonyea pa kukalia, fundi akipigilie ubao. Nakuomba asitie msumari hata mmoja kwanza.

Hicho si mwanzi, ni henzirani. Mwanzi una uwazi ndani, henzirani imejaa. Henzirani ni mmea ndugu wa mnazi, lakini wenye miiba, unaoparamia miti mingine katika misitu ya Indonesia na majirani zake. Ganda lake huchanwa nyuzi za kusukia viti, na moyo wake husukwa vikapu. Ulaya ilivizoea viti hivi tangu karne ya 17, henzirani ilipoanza kuletwa na meli kutoka Asia.

Sasa kipindue kiti. Ukiona matundu madogo yamezunguka fremu, kimesukwa kwa mkono, uzi mmoja mmoja, na hiyo ni kazi ya kuhifadhiwa. Ukiona mfereji, kimebandikwa kipande kilichosukwa tayari, ni rahisi kubadilisha.

Kama nyuzi hazijakatika, chovya kitambaa katika maji ya moto, uloweshe upande wa chini. Juu kuna ganda linalong'aa, halinyonyi maji. Kianike kivulini siku nzima, asikikalie mtu. Kikikauka, nyuzi hujivuta zikakaza. Usikianike juani, jua la Mombasa litazikausha zikatike.

Na ukikuta unga laini sakafuni chini ya miguu yake, huyo ni bungua, mdudu anayetoboa mbao. Shughulika naye kwanza, kabla ya kusuka chochote.